Habari za Uvundo Aliosingiziwa Mama Mkwe

Sogeeni, enyi wenye pua na enyi wenye mafua, mje msikie vita vikuu vilivyopiganwa baina ya kitanda na kabati, ambamo tarumbeta hazikulia wala farasi hawakutimua vumbi, kwa kuwa uwanja wenyewe ulikuwa hatua sita kwa tano. Nawe pua, mlinzi wa lango la uso, wewe utangulizwaye mbele katika kila msafara, nipe maneno nisimulie uliyoyanusa. Maana macho hayakuona kitu, na mdomo, kama kawaida yake, uliropoka usiyoyajua.

Nyumba ilikuwa ya Bwana Mkubwa, Simba wa Kochi, Mshika Rimoti, aliyeamua siku moja kwamba jiko lililomlisha miaka kumi na mmoja halimfai tena. Akamwita fundi aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Kesho Asubuhi, kwa kuwa hilo ndilo jibu alilolitoa kwa kila swali. Fundi akabomoa, akajenga, akanywa chai, akapotea, akarudi kunywa chai. Jiko likahamia upande wa uani, na pale lilipokuwa la zamani pakawa chumba cha kulala chenye kabati jeupe la ukutani. Chumba hicho akapewa mama yake mkewe, aliyekuja kukaa nao baada ya magoti yake kugoma kupanda ngazi za kwake.

Mama huyu hakuwa wa kubezwa. Alifua mashuka ya hospitali miaka thelathini na mbili, na kwa kunusa tu aliweza kukwambia shuka limetoka wodi gani. Basi wiki ya pili akanusa uvundo. Ulitoka asubuhi, ukatoka jioni, ukayashika magauni yake yote kabatini, hata akipita sebuleni watu wakawa wanafungua madirisha. Wiki ya tatu wakaingia panya.

Hapo Simba wa Kochi akaitisha baraza, yeye na mkewe, akaunguruma kwa sauti ya chini.

“Mimi sisemi kitu,” alisema, kama wasemavyo wote wenye mengi ya kusema. “Nasema tu kwamba kabla mama hajaja hapakuwa na harufu wala panya. Biskuti anaweka chumbani. Na wazee nao wana harufu yao, si kosa lao. Akapumzike kidogo kwa dada yako. Jumamosi nitampeleka mwenyewe.”

“Baba watoto, huyo ni mama yangu.”

“Ndiyo maana naongea kwa heshima.”

Heshima gani! Kesho yake alimwekea Mama mlangoni kopo la marashi ya chooni, lenye picha ya malimau.

Mama alikuwa ameyasikia yote, kwa sababu kuta za Kesho Asubuhi zilikuwa nyembamba kama kadi ya harusi. Aliona aibu. Alijinusa mikono, akayanusa magauni, akaoga mara ya pili mchana ule ule, kisha akaketi kitandani akalia, kwa kuwa kwa mara ya kwanza maishani hakuiamini pua yake. Binti huyu ndiye pekee aliyekuwa akimpikia na kumsikiliza, na sasa Mama anaondolewa kwake kama ndoo ya taka. Alipomaliza kulia akakasirika, na hapo ndipo historia inapoanza.

Ijumaa jioni Mama, sasa Jemadari Mashuka, aliomba unga wa ngano vikombe viwili, akaunyunyiza sakafuni kuanzia mlangoni hadi ukutani. Jumamosi kulipokucha akapiga magoti, yale yale magoti yaliyogoma, akasoma nyayo kama msomi asomavyo hati ya kale. Jeshi la adui halikwenda kwenye biskuti. Kopo la biskuti halikuguswa. Jeshi lilitoka pembe ya chini ya kabati na kurudi pembe ya chini ya kabati. Akawasha dawa ya mbu, ile ya duara itoayo moshi, akaipitisha kila mahali. Dirishani moshi ukatoka nje kwa adabu. Penye pembe ya kabati ukapulizwa, ukamrudia usoni.

“Kumbe unapumua,” Mama akaiambia pembe. “Haya. Mimi pia napumua.”

Akamwambia binti yake ampigie Kesho Asubuhi, amwambie kuna jirani anataka kujengewa jiko. Mtu ambaye hakuwahi kufika kwa wakati tangu azaliwe akafika kwa dakika tisa. Bwana Mkubwa naye akaingia, ufunguo wa gari mkononi, kuuliza kama mizigo iko tayari.

“Fundi,” alisema Mama, “nyuma ya kabati hili kuna nini?”

“Hakuna kitu, mama. Bomba la kutolea maji la jiko la zamani tu. Niliziba mwenyewe.”

“Uliziba kwa nini?”

“Kwa sababu lilikuwa wazi.”

“Sikukuuliza sababu. Uliziba kwa kitu gani?”

Fundi akajikuna kisogo. Enyi wasikilizaji, miji imeanguka kwa mkuno mdogo kuliko ule.

“Kwa mfuko.”

“Mfuko gani?”

“Wa saruji. Mtupu. Ile ilikuwa ya muda tu, mama. Nilisema kesho asubuhi nitaleta kizibo.”

Mama akampa bisibisi. Ubao wa nyuma ya kabati ukafunguliwa, na uvundo ukatoka na jeshi lake lote, uvundo wa maji machafu ya nyumba nzima, hata Simba wa Kochi akajifunika pua kwa tai. Pale palikuwa na mdomo wa bomba la inchi nne, na karatasi za mfuko wa saruji zilizotafunwa zikawa tandiko laini, na juu ya tandiko panya mnene, aliyewatazama kama mpangaji aliyeingiliwa bila hodi. Akaruka. Akapita juu ya kiatu cha Bwana Mkubwa, akaingia uvunguni. Na Bwana Mkubwa, mbele ya macho ya watu, akapanda juu ya kitanda cha mama mkwe wake na viatu vyake! Mtu mzima, na mkwe wa watu!

“Fundi, kizibo unacho kwenye mkoba. Nakiona. Ziba,” aliamuru Mama, naye mwenyewe akatwaa ufagio.

Kesho Asubuhi akaziba leo asubuhi, kwa kizibo na saruji, katika robo saa. Uvundo ukakatika kama umeme.

“Mama, mtoe basi,” alilia Simba kutoka kitandani.

“Nitamtoa, mwanangu. Kwanza niambie, nani alikuwa ananuka?”

“Bomba.”

“Na kwa hiyo?”

Alimtazama mkewe, mkewe akatazama dari.

“Samahani.”

“Masikio ya wazee hayasikii vizuri, baba. Rudia.”

“Samahani, mama! Usiende popote!”

Basi waandike waandikao, wachonge wachongao mawe: kwamba siku ya Jumamosi, saa nne kasoro dakika tano, Simba wa Kochi alilitamka neno samahani mara mbili, neno ambalo mkewe hakuwa amelisikia tangu ndoa, mbele ya mashahidi watatu, mmoja wao akiwa uvunguni na mkia wake nje.