Mifuko Kumi na Miwili Barazani

Appolinaire alikuwa amemuuza mbuzi mmoja kwa watu watatu, na biashara hiyo ingekuwa ya heri kabisa kama wale watatu wasingekutana. Walikutana kwenye bomba la maji kule Nakivale, kambi ya wakimbizi, kila mmoja akaanza kumsifu mbuzi wake atakayeletewa wiki ijayo: mweupe, sikio moja limekatika, jina lake Bijou. Walipofika kwenye sikio walitua ndoo. Walipofika kwenye jina waliokota fimbo.

Ndiyo maana Jumatatu moja ya mwaka 2012, Pasaka ikiwa karibu, Appolinaire alikuwa akipanda mtaa wa Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, huku Mbarara. Nia yake ilikuwa Kikagate, mpakani, kisha Tanzania. Shida ni kwamba mfukoni hakuwa hata na nauli ya kufika mwisho wa mtaa. Mali yake yote ilikuwa kofia ya fundi ya manjano na nivo, kile kipimo cha kiputo, alivyovipata kwa njia ambayo hatutaitaja, maana mwenye mali hajui mpaka leo.

Hapo ndipo alipoiona ile nyumba.

Ilikuwa ya zamani, na baraza lake la mawe lilikuwa limechoka. Ngazi ya pili ilishaondoka, mawe yameota kijani, majani yanachungulia kwenye nyufa. Lakini Appolinaire hakuyaangalia mawe. Aliangalia pembeni, ambako mifuko kumi na miwili ya simenti ilipangwa vizuri, imeshonwa midomo kwa kamba ya katani, imefunikwa turubai nusu kama bibi arusi. Moyo wake ulipiga magoti.

Barazani aliketi mjane mmoja, Mukandayisenga, ambaye watu walimwita Mama Cyiza. Alikuwa akishona gauni la kwaya.

"Bwana asifiwe, mama! Nimepita tu kwa barabara, nikasikia mawe yako iko nalia."

"Inalia nini?"

"Inalia fundi. Na Mungu amemuleta. Mie ni Appolinaire, nilijifunza mawe Bukavu kwa mapadri..."

"Siye ni Baprotestanti."

"...na kisha nikamalizia kwa bapasta."

Mama Cyiza alimtazama kutoka kofia mpaka viatu, bila haraka, kama anayechagua maharage. "Mwenye nyumba, Mzee Mbabazi, ameniambia baraza likikuwa zuri mbele ya Pasaka, nitaikaa humu miaka mbili bila kulipa. Likibakia hivi, nitoke, mie na bamama bote benye banashona humu. Na mafundi ba hapa banaomba bei ya ng'ombe."

"Mie siombi kitu! Chakula tu na fasi ya kulala mu stoo. Kazi ya mjane ni kazi ya Mungu."

Kama malaika huwa wanacheka, siku hiyo walishikilia mbavu. Maana Appolinaire hakuwa mwizi wa hovyo, alikuwa na ratiba: siku mbili za kujifanya fundi, siku ya tatu pikapu, ya nne Kikagate, ambako simenti huuzwa bila maswali.

Siku ya kwanza alishika jiwe, akalipaka simenti, akaliweka.

"Fundi," akasema Mama Cyiza bila kuinua macho kwenye sindano, "marehemu bwana yangu alikuwa masoni, fundi wa mawe, miaka makumi mbili na sita. Mie ndiye nilikuwa namuchanganyia. Yeye alikuwa anatumbukiza jiwe mu maji kwanza, simenti isikauke mbio. Kwenu Bukavu hamufanyake?"

"Tunafanyaka, mama! Nilikuwa ninaenda kulitumbukiza sasa hivi."

"Aa. Na lile la kona limelewa. Liangalie."

Aliliangalia. Kweli, lilikuwa limelewa. Akalitoa.

Hivyo siku mbili zikawa wiki. Alikwangua simenti kuukuu kwenye nyufa kwa tindo, akasugua kijani kwa brashi ya waya, akachonga jiwe la ngazi ya pili mara nne, mara tatu likivunjika mkononi kama kwa makusudi. Mama Cyiza hakuondoka barazani hata kidogo; usiku alitandika mkeka mlangoni. Simenti ya kazi aliileta mwenyewe kutoka chumbani, ndani ya karai, imeshachekechwa.

"Na hii ya inje, mama?" Appolinaire aliuliza kwa sauti ya mtu asiyejali. "Tusianze kuitumia?"

"Hii ya inje uiache. Siku yake itafika."

"Hauogopi wezi?"

"Kila asubui ninaiombea."

Na kweli aliiombea. Kabla ya chai alisimama, akafumba macho: "Ee Bwana, ubariki mikono ya huyu fundi. Na mutu mwenye atabeba hii mifuko, umupe nguvu ya kuifikisha salama."

"Amina!" aliitikia Appolinaire, kwa nguvu mpaka njiwa wakaruka darini.

Siku nyingine, akimpakulia ugali, mama alisema tu hivi: "Ukipata muzigo siku moja, utafute kaka Gervais pale stendi. Yeye iko na pikapu, na haulizake mingi."

Appolinaire nusura apaliwe. Mjane mwenyewe anampa na usafiri!

Wiki ya tatu jambo la aibu lilimpata: alianza kukasirika jiwe likikaa vibaya. Usingizini aliona kiputo cha nivo. Ijumaa alimaliza, akafunika viungo vya mawe kwa magunia yaliyolowa, akashuka ngazi na kuzipanda tena mara tatu bila sababu yoyote. Mzee Mbabazi alikuja na fimbo yake, akagonga kila jiwe.

"Eh! Hii kazi iko sawasawa. Mama, wewe kaa. Miaka mbili, bure."

Jioni hiyo Mama Cyiza akasema, "Kesho Jumamosi niko na salongo, kazi ya watu bote, tunalima shamba ya kanisa. Nitaenda mapema. Nyumba ninamuachia Mungu."

"Mungu na mie," alisema Appolinaire.

Asubuhi, vumbi la boda aliyopanda mama halijatua, pikapu ya Gervais ilikuwa mlangoni. Appolinaire alibeba mifuko mwenyewe, mmoja kila bega, akishangaa jinsi wiki tatu za mawe zilivyomjaza nguvu. Simenti ilikuwa nyepesi kama mto wa kulalia!

"Kikagate," alisema, akiegemea kiti kama waziri. "Utalipwa kulekule."

Gervais hakuuliza kitu. Njiani kulikuwa na harufu fulani, lakini huku Ankole nani hushangaa harufu ya ng'ombe? Appolinaire alifunga dirisha na kuendelea kuihesabu Tanzania kama mali yake. Walipofika Kabingo, pikapu ilikata kushoto.

"Kaka, Kikagate ni mbele."

"Ninajua."

"Hii si njia ya Nakivale?"

"Ndiyo yenyewe."

"Sasa tunaenda wapi?"

"Fasi muzigo unaenda," alisema Gervais, akaanza kuimba pambio.

Kule Nakivale, shamba la kanisa lilikuwa limejaa watu na majembe. Mbele yao, jembe begani, alisimama Mama Cyiza.

"Bwana asifiwe, fundi! Umetuletea mbolea yetu. Wiki tatu nilikuwa ninajiuliza nani ataifikisha."

Alikata kamba ya mfuko mmoja. Samadi ya zizi la Mzee Mbabazi, kavu, nzuri, ikamwagika kwenye viatu vya Appolinaire.

"Mama! Ilikuwa simenti!"

"Nani alikuambia?"

Appolinaire alipekua wiki tatu nzima kichwani mwake, siku kwa siku. Hakumkuta mtu aliyemwambia.

"Mifuko ndiyo ya simenti," alisema mama kwa upole. "Fundi wa kweli angeinua moja tu, angejua. Simenti inavunjaka mugongo. Hata yule mwenye alinijengea choo aliipenda sana hii mifuko, lakini yeye alikimbia hajaibeba."

Hapo watu watatu wa kanisa hilo walijitokeza kwenye mistari ya maharage: Yonatani, Natanaeli na Laurent.

"Appolinaire," alisema Yonatani, akibadilisha mkono wa kushikia jembe, "Bijou hajambo?"

Appolinaire aligeuka. Gervais alikuwa ameshazima gari na kutia ufunguo mfukoni.

"Musipige mikono yake," alisema Mama Cyiza. "Ile mikono niliifundisha mie. Ngazi za kanisa zimebebwa na mvua. Aanze na kanisa, halafu ajengee kila mumoja wenu baraza moja, badala ya mbuzi. Mie nitaikaa hapa nikishona mpaka amalize."

Jumatatu Appolinaire alikuwa amepiga magoti mbele ya kanisa, kofia ya manjano kichwani, akimkaripia Yonatani mbele za watu: "Lile la kona limelewa! Hauna macho? Litoe!"

Pembeni kulikuwa na rundo la mifuko chini ya turubai.

"Fundi, nifungue hii?" aliuliza Yonatani.

Appolinaire alikwenda mwenyewe. Aliinusa kwanza. Kisha akaukumbatia mmoja, akainua, na mgongo wake ukalia kama mlango.

"Hii ndiyo simenti," alisema, akahema. Akaitazama barabara ya kwenda Kikagate, akautazama mfuko, akapima umbali kwa uzito. Kivulini, sindano ya Mama Cyiza ilisimama hewani, ikingoja.

"Lete karai," alisema Appolinaire. "Na ulowanishe mawe."