Nificheni Kama Mlivyomficha Mdau B

Ndugu Profesa, Mkuu wa Utafiti wa Biashara Haramu ya Pembe za Ndovu,

Salamu, na pole kwa kazi ya kuwatafuta watu wanaojulikana. Naandika huku mapacha wamelala, basi nisamehe nikikatiza ghafla.

Mtafiti wenu alipokuja kunihoji aliahidi kunificha. Ana adabu, hata mtoto mmoja alinipokea akambeba. Nikamweleza yote: mume wangu alivyokamatwa na mzigo wa pembe begani, na mnunuzi gani alikuwa akiusubiri. Sasa ripoti imetoka, nami nina malalamiko.

1. Jina langu kweli mmelificha. Mimi ni Mhojiwa wa Saba, "mshonaji, mke wa mbebaji aliyefungwa, mama wa mapacha, mlango wa bluu, mkabala na mashine ya kusaga." Mtaa mzima una mlango mmoja tu wa bluu. Wifi yangu alisoma akacheka mpaka akakaa chini: "Wifi, wamebakiza namba ya kiatu!"

2. Mnunuzi, niliyemtaja kwa jina na ukoo, mmemwita Mdau B. Hana mke, hana mlango, hana hata jinsia. Nilidhani mwenye nguvu hupishwa njiani tu. Kumbe hata vitabuni.

3. Mume wangu, ambaye hata kuku hamchinji bila kugeuza uso, hakufichwa popote ila gerezani.

4. Ukurasa wa shukrani unamshukuru "mfanyabiashara mkarimu" aliyewaazima gari la kuzungukia mitaani. Profesa, gari hilo nalijua. Mume wangu alikuwa akilipakia mizigo.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, tubadilishane. Mimi niwe Mdau B, nisiwe na mlango wala watoto. Yeye awe Mhojiwa wa Saba. Mtaje geti lake, mbwa wake, na kiti anachokalia kwenye semina zenu. Kama kitaalamu hilo ni gumu, basi mpeni mume wangu herufi. Nimeona wenye herufi hawafungwi.

Nisalimie watafiti wote, wafadhili, na aliyepiga picha ya mlango wangu iliyo kwenye jalada. Imetoka vizuri.

Wako mafichoni,
Mhojiwa wa Saba

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha, Mdau B akapiga hodi mwenyewe. Amenitoa wasiwasi: "Mama Mapacha, ripoti nimeisoma yote. Jina lako sijaliona popote." Akawapapasa watoto vichwa, mmoja mmoja, akaenda zake. Basi nayafuta malalamiko yote, siri mmeitunza. Nikishabandika stempu, naupaka mlango rangi ya kijani.