Kijitabu Changu Hakitafungia Karanga

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku mbaya. Madame Adeline, mkuu wa maktaba yetu ndogo hapa mtaa wa Mudzipela, Bunia, amebandika mlangoni orodha ya vitabu vya kupaliliwa. Kupalilia ni neno lake. Kitabu ambacho hakuna aliyekiazima kwa miaka mitano kinang'olewa rafuni kama gugu. Jumamosi saa sita mchana vyote vinaingia katoni, vinakwenda kwa wauza karanga, wavifanye karatasi za kufungia. Niliisoma orodha kwa utulivu wa mtu asiyehusika. Namba kumi na saba: Sungura Wangu Kumi na Wawili: Maisha, Vifo na Mafunzo. Mwandishi: mimi, Médard, msaidizi wa maktaba hiyohiyo. Kurasa thelathini na moja, pini mbili. Gugu!

Nilimwendea. Nikamweleza kwamba nakala hii ni ya pekee, kwa maana zile nakala nyingine mchwa walizisoma zote. Akajibu kwa upole kuwa sheria ni moja kwa wote. Mtu mmoja akikiazima kabla ya Jumamosi saa sita, kimepona. Wafanyakazi na jamaa zao hawahesabiwi. Alijua nitamfikiria Rebecca, mke wangu. Bure tu. Rebecca amesema aliishi na sungura wale miaka miwili, hana haja ya kuwasoma.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimempata mchawi. Ni katalogi. Ndani ya kompyuta kijitabu changu kimewekwa chini ya neno "Cuniculture". Eti ndiyo kufuga sungura kwa Kifaransa cha wakubwa, na mashine hutafuta neno hilo tu, haisomi jina la kitabu. Nimeuliza watu kumi sokoni. Wawili walidhani ni ugonjwa, mmoja akanipa pole.

Madame naye analijua tatizo hili. Ndiyo sababu mwezi mzima kuna daftari mezani, kila msomaji aandike neno ambalo yeye mwenyewe angetafutia. Mama Lucienne wa Tchomia, muuza samaki wa chumvi, ameandika "makayabu", kwa sababu kitabu cha kuwakausha kilijificha chini ya "Halieutique", yaani mambo ya uvuvi. Mwalimu Sylvestre, anayekuja kwa baiskeli yake ya magurudumu matatu, alifuta "Infirmes", yaani vilema, kwa mistari miwili, akaandika "watu wenye ulemavu". Geneviève, anayeishi kwenye kambi ya waliokimbia vita, alisema akitafuta "Déplacés" anapata ripoti tu za kuwahesabu watu kama yeye. Akaandika "kuanza upya". Wasomaji wote wamepiga kura, maneno yamepita.

Na nani amepewa kazi ya kuyaingiza kwenye mashine? Mimi. Mungu hamtupi mja wake.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimefanya kazi kutwa bila kula. Kila neno nimeliweka kwenye kitabu chake, kwa uaminifu. Kisha, kwa uaminifu uleule, nimeliweka na kwenye changu. Si uongo hata kidogo. Makayabu: ndiyo tuliyokula siku aliyokufa sungura namba saba (ukurasa wa 16). Pikipiki: namba nne alikuja Bunia kwa pikipiki. Ndoa: namba moja na namba mbili hawakuelewana. Watu wenye ulemavu: namba kumi alikuwa na miguu mitatu. Kuanza upya: nilianza upya mara nne. Jumla maneno kumi na manne. "Cuniculture" nimelifuta, likapumzike.

Sasa mtu akitafuta kitu chochote Bunia nzima, ananikuta mimi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mama Lucienne alikuja saa tatu, kitambaa cha kazi kiunoni. Akaandika neno lake kwa kidole kimoja. Wa kwanza kutokea: mimi. Moyo wangu ukaruka. Akakitoa kijitabu rafuni, akasoma mistari mitatu, akaniita hadi mezani mbele ya wanafunzi. "Weye Médard, miye niliuliza makayabu. Sungura inaogelea?" Nikamsihi afike ukurasa wa 16. Akafika. Akasema pale samaki ameliwa tu, hakukaushwa, na waliomla hawakumshukuru hata muuzaji. Akaondoka na kitabu chake cha kweli. Changu alikiacha mezani kimelala kifudifudi.

Yannick, kijana wa teksi ya pikipiki, alitafuta namna ya kusafisha kabureta. Naye alinikuta. Alicheka mpaka akavua kofia, lakini hakuazima. Amesema hana kadi.

Kadi! Hilo ni jambo dogo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Leo sikujisikia vizuri, na nitasema kwa nini. Mwalimu Sylvestre alifika, akatafuta neno lake. Hakupiga kelele. Alikichukua kijitabu, akasoma habari za sungura namba kumi hadi mwisho. Kisha akaniuliza taratibu: "Siye wenyewe tulichagua hii jina, Médard. Miaka yote walituita vile walitaka. Sasa nani alituweka pamoja na sungura?"

Nikasema ni mashine. Akaniangalia kama mwanafunzi aliyesema mbuzi amekula daftari. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Alipokwenda rafuni nilikimbia nikalifuta neno lile kwenye kijitabu changu, nikahakikisha mara tatu. Kisha nikamfuata, nikamwambia haikuwa mashine. Amesema alijua, na nimletee kiti cha kuwekea vitabu vyake.

Yale kumi na matatu nimeyaacha. Aibu yangu ilikuwa ya neno moja.

Jumamosi, 11 Oktoba

Siku ya hukumu. Yannick amekubali kuazima, mtoto mwenye roho nzuri, ila kadi inataka picha. Saa nne na nusu tukapanda pikipiki kwenda kwa mpiga picha. Kulikuwa na foleni ya harusi nzima, bibi harusi na shangazi zake saba, na kila shangazi alitaka yake peke yake. Halafu mvua. Tulirudi saa sita na dakika ishirini tukiwa tumelowa, picha nimeificha ndani ya shati.

Katoni ilikuwa imeshakwenda.

Nilikimbia hadi kwa muuza karanga wa kona. Nikanunua vifurushi vinane, nikavifungua kimoja kimoja. Ukurasa wa kemia. Barua ya mtu kwa shemeji yake. Hesabu za darasa la tano, zimekosewa. Sungura hakuna. Nilikaa kwenye jiwe na karanga zote mapajani, nikawakumbuka kumi na wawili wale, mmoja mmoja. Niliwapenda. Kijitabu kile ndicho kaburi lao pekee. Nikalia kidogo, kisha nikala karanga.

Madame Adeline alinikuta pale na mwavuli wake. Akanieleza. Saa sita kasoro dakika ishirini, Geneviève alikuja. Shirika fulani limewagawia sungura wawili wawili kule kambini, na jike lake lina mimba, hajui amlishe nini. Akaandika "sungura". Mashine ikasema hakuna. Akaandika tena, polepole, akidhani amekosea yeye. Hakuna. Akaomba radhi kwa usumbufu, akageuka aende zake.

Madame alimwomba angoje. Akaingiza mkono ndani ya katoni, akatoa kijitabu changu, akamwazima kwa jina na tarehe. Kimepona! Kisha akakaa mwenyewe kwenye mashine akaongeza neno: sungura.

Akaniuliza ilikuwaje katika maneno yote yale nisiweke hilo. Nikamjibu kweli: hakuna aliyeliandika kwenye daftari. Aliniangalia, akaanza kucheka hadi mwavuli ukamponyoka. Baadaye, akijifuta macho, akasema yeye alikisoma zamani, na kwenye kifo cha namba saba alilia. Alitamani mtu akitafute, basi. Nikampa karanga zilizobaki.

Jumatatu, 20 Oktoba

Ushindi kamili. Geneviève amerudisha kijitabu, kimefungwa kwenye kitambaa safi. Ameniambia mbele ya Madame: "Asante sana, papa Médard. Ile yote ulifanya, miye nilifanya kinyume. Watoto iko munane, yote iko muzima." Msomaji wa kwanza, na tayari nimebadilisha maisha. Nitamwomba maneno hayo niyaweke kwenye jalada.

Madame amebadilisha neno la siri la kompyuta. Wivu wa kawaida wa kazini, nimemsamehe. Daftari bado liko mezani, na mkono wangu wa kushoto unaandika vizuri kuliko nilivyofikiri, hakuna atakayeujua mwandiko.

Kwa maana nimeanza kitabu cha pili: Kuku Wangu Wanane. Safari hii sitangoja kupaliliwa. Maneno yake nimeshayaandaa yote: makayabu, ndoa, pikipiki, mpira, maombi, shule, mtihani wa serikali, simu, mvua, kuanza upya, safari ya Kisangani. Nimeyasoma mara mbili. Hakuna nililosahau.