Jeneza Lisilo na Msumari

Jumatatu, 3 Machi
Baba mkwe amefariki alfajiri. Mke wangu analia, nami nalia naye, ila kichwani napanga. Jeneza nitatengeneza mimi! Mzee alikuwa seremala hodari, na miaka yote akiniita Fundi Misumari mbele za watu, eti siwezi kuunga mbao bila msumari. Sasa atalala kwenye jeneza lisilo na msumari hata mmoja. Gundi tupu! Tena ya soya, nimeisoma kwenye simu. Shemeji, kaka wa mke wangu, naye ni seremala. Amenipa gundi yake ya dukani. Nimekataa.

Jumanne, 4 Machi
Nimechukua unga wa soya jikoni, nikakoroga na maji na chokaa. Mbao zimeachana zenyewe. Kumbe unga wa soya iliyokaangwa haunati, hutakiwa mbichi. Mke wangu ameuliza unga wa uji wa mama yake uko wapi. Nimemsaidia kuutafuta!

Jumatano, 5 Machi
Nimesaga soya mbichi. Imenata mpaka ndevuni! Mbao nilizibana kwa kamba na mawe, jioni nikalikalia jeneza, halikutoa hata mlio. Shemeji kaligonga, kasema gundi hii ikilowa italainika, nipige misumari chini, hata minne tu. Wivu huo! Mke wangu naye kanisihi, kwa ajili ya baba yake. Nimemwapia kwamba halitaachia.

Alhamisi, 6 Machi
Mvua. Hotuba zilirefuka, jeneza nje, chini maji yanatiririka. Tulipoliinua, kitako kikabaki matopeni. Na mzee juu yake. Ee Mungu wangu! Mke wangu hakupiga kelele. Alivua koti akamfunika baba yake. Shemeji akaleta nyundo kutoka kwenye gari. Alikuja nayo, mshenzi! Akagongelea pale pale, watu wakiangalia viatu vyao. Nilitamani shimo linimeze mimi.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu amehamia kwa kaka yake. Nimekwenda kuomba radhi. Kaniambia mlangoni kwamba hana hasira, amechoka tu. Kwamba kile kitanda nilichomtengenezea mzee kwa misumari hakijawahi hata kutoa mlio, na ndicho alichofia, amelala vizuri. Nimelia njia nzima.

Lakini nilimsikia mama mkwe akikohoa ndani. Kikohozi kibaya. Nikampima kwa macho kupitia dirisha. Mfupi, mbao hazitakuwa nyingi. Soya nimeshaloweka. Safari hii naongeza chokaa.