Wasifu wa Mzee Kaloki Wakwama Ndani ya Diski

Redio ya Hared ilitangaza kwamba mfumo wa ofisi moja ya serikali ulikuwa umeboreshwa na, kwa sababu hiyo, haufanyi kazi. Benchi nzima mbele ya kioski chake cha chai, mjini Machakos, ikamgeukia Kimanzi.

Kimanzi, wanayemwita Meneja kwa kuwa anamiliki saiba yenye kompyuta moja, hakuinua macho. Naye alikuwa ameboresha yake jana. Sasa ilidai kwamba diski ina hitilafu na kwamba kadi ya mtandao haipo. Ndani ya diski hiyo ulikuwemo wasifu wa marehemu mzee Kaloki wa Kola, wa kusomwa mazishini kesho: nakala pekee ambayo ndani yake nyumba za wake zake wawili zilikuwa zimekubaliana, baada ya wiki ya mabishano, nani atajwe kwanza.

"Hiyo ni vairasi," akasema Musau, aliyepewa jina la Injinia tangu alipochimba mtaro wa nyaya za intaneti. "Imekuja na apdeti."

"Vairasi inakula kadi?" akauliza Kavutha, muuza mitumba, ambaye kwa maswali yake wanamwita Wakili.

"Ya siku hizi inakula hata ukuta, mwaitu, mama yangu."

"Wewe ulichimba mtaro tu. Intaneti yenyewe hukuiona."

"Niliiona ikipita."

"Izime, uiwashe," akashauri Hared, akimimina chai.

"Nimeizima mpaka stima imechoka," akasema Kimanzi.

Kavutha akasogea. "Meneja, kabla ya apdeti uliifanyia nini? Usimfiche wakili wako."

"Niliitoa vumbi tu. Huwezi kuingiza mfumo mpya kwa mashine chafu."

"Ukitumia nini?"

"Kompresa ya fundi wa pancha."

"Ile ya magurudumu ya lori?"

"Niliipuliza pole pole."

Wakahamia saiba. Kifuniko kilipoondolewa, waya wa diski ulionekana umechomoka nusu, na kadi ya mtandao imelala upande kama mlevi. Kimanzi akavirudisha mahali pake, akawasha. Mzee Kaloki akatokea kwenye skrini katika suti yake, na chini yake nyumba zote mbili kwa mpangilio uliokubaliwa.

"Nilisema ni waya," akasema Injinia.

Ndipo alipoingia Mbinya, binti wa nyumba kubwa, na karatasi mkononi, jina la mama yake juu kabisa. "Pole, Meneja. Tumesikia diski imekufa. Usijisumbue, nimeandika upya."

Nyuma yake akasimama Antony wa nyumba ndogo, naye na karatasi, jina la mama yake yeye juu kabisa. "Pole sana. Sisi pia tumeandika."

"Diski imepona," akasema Kimanzi.

Wawili hao, ambao tangu msiba walisemezana kupitia wajumbe, wakatazamana.

"Nani alikutuma uitengeneze?" akauliza Mbinya.

"Hata mimi nauliza hivyo hivyo," akasema Antony.