Livu ya Jamaa wa Kawaida

Kwa heshima na fahari, Idara ya Mapipa na Vifuniko ilitangaza, mwezi wa Julai mwaka 1966, kwamba jamaa wa kawaida, yaani mume, mke na watoto wanne, watakwenda livu ya Agosti kwa siku saba, watatumia shilingi thelathini na tano, na watafurahi.

Tangazo hilo nililipiga taipu mimi mwenyewe, Abdulghafur, karani wa idara na katibu wa Kamati ya Livu. Nililibandika mlangoni mwa bohari letu la Makupa, Mombasa, saa mbili asubuhi. Kufikia saa tatu mafundi wote walikuwa wamesimama mbele yake, wamenyamaza. Niliandika katika kumbukumbu kwamba limepokewa kwa utulivu.

Wako waliosema baadaye kwamba kamati haikufanya kazi. Huo ni uzushi. Tulikaa vikao kumi na saba. Sita vya mwanzo tulijadili jamaa wa kawaida ni nani, tukaafikiana kwamba hayumo miongoni mwetu. Cha saba hakikutimia kwa kuwa wajumbe walikuwa livu. Vilivyobaki vilikuwa vya hesabu, na hesabu iliongozwa na mwenyekiti wetu, ambaye pia ni Mkuu wa Idara, Bwana Mapenzi Mung'aro, mtu wa Rabai, mrefu, msomi, asiyekohoa bila kutoa sababu.

"Hewa ya bahari?" aliuliza Bwana Mkuu.

"Bure," tukajibu.

"Chakula?"

"Watakula kwa jamaa zao."

"Malazi?"

"Kwa jamaa zao hao hao."

Zikabaki shilingi kumi na nne za furaha, ndizo mbili kwa siku, saba za magazeti, na kumi na nne za dharura. Nauli haikuwekwa. Si kwamba ilisahauliwa. Hakuna mjumbe aliyewahi kulipa nauli, sote twenda kwa gari la idara, kwa hivyo haikumpitikia mtu kwamba nauli ni kitu cha kununuliwa. Kisha Bwana Mkuu akaahidi kwamba kiasi hicho kitatolewa na idara yenyewe kwa kila fundi atakayekwenda livu, na wajumbe wakapiga meza kwa furaha.

Sasa palikuwa na fundi mmoja, jina lake Taib, mkazaji wa vyuma vya mapipa, mtu wa Kibokoni. Miaka tisa amefanya kazi kwetu na sikumbuki kama nilipata kuisikia sauti yake. Mkewe, Mejumaa, ana mama yake Malindi, mjane, aitwaye Bimdogo. Bi kizee huyo alikuwa hajamwona mjukuu wake wa mwisho, na mtoto amekwisha timiza miaka mitatu. Mwezi wa Juni aliandikisha barua: mato yangu yameanza kufunga ukungu, mleteni mtoto nimwone kabla halijaingia giza. Taib aliyajua hayo. Alisimama mbele ya tangazo letu muda mrefu kuliko wenzake wote, kisha akarudi kwenye mapipa yake, akagonga nyundo mpaka jioni.

Asubuhi ya pili yake alikuja Mejumaa mwenyewe afisini, amejitanda buibui, mtoto kiunoni.

"Sabalkheri, Bwana Mkuu."

"Sabalkheri, mama. Una miadi?"

"Sina. Nina swali. Hesabu hii ya livu mmeipima na nani?"

"Imepimwa na kamati."

"Kamati ilikwenda wapi?"

"Kamati haiendi, mama. Kamati hukaa."

Mejumaa akamhamisha mtoto kiuno cha pili. "Mie nataka kwenda Malindi kwa mamangu. Basi ni shilingi nne mtu mzima, mbili mtoto. Kwenda na kurudi ni thelathini na mbili. Zabaki tatu, siku saba, watu sita. Niambie baba, kwa mamangu niingie na nini mkononi?"

"Kifungu cha pili chasema jamaa ndio watakaowalisha."

"Mamangu ni jamaa, si bohari."

Nilitaka kuliandika neno hilo, lakini Bwana Mkuu alinitazama, nikaiweka kalamu chini. Alikuwa na wasiwasi wake. Mkaguzi Mkuu, Bwana Wekesa, alitarajiwa kutoka Nairobi katikati ya Agosti kuja kusikiliza mafanikio yetu, na mafanikio yasiyojaribiwa huwa mepesi mbele ya mkaguzi.

"Vyema," akasema. "Nitakwenda mimi. Mimi, mke wangu Jael na wanangu wanne. Kwa basi, kwa thelathini na tano. Tutafikia kwa huyo huyo mama yako. Hapo itajulikana ni nani asiyejua kupumzika."

Mejumaa akamkaza mtoto kiunoni. "Nenda, baba," akasema. "Mamangu hamfukuzi mtu."

Barua ya kumwarifu Bimdogo ilipitia taratibu zote za idara na ilifika Malindi mwezi wa Septemba. Sisi tulifika tarehe tano ya Agosti. Nasema sisi kwa kuwa niliteuliwa mwangalizi, nikapewa masurufu ya shilingi mia moja na ishirini, maana mwangalizi si jamaa wa kawaida na lazima ale vizuri ili aone vizuri. Nilikatazwa kabisa kuwasaidia wahusika, nisije nikaharibu jaribio.

Nauli ya kwenda ikala kumi na sita. Kwenye kivuko cha Kilifi watoto waliona mahamri, wakaona madafu, wakaona korosho. Bwana Mkuu akafungua kifungu cha furaha. Kufikia ng'ambo ya pili furaha ya siku moja na nusu ilikuwa imekwisha, na mtoto wa tatu alikuwa analia kwamba wa pili alipata korosho nyingi. Mfukoni zikabaki kumi na sita kamili, nauli ya kurudia.

Tuliposhuka Malindi, Jael alisimama mbele ya duka la kwanza. "Siingii nyumba ya mtu mikono mitupu," alisema.

"Jael, hizo ni za kurudia."

"Basi tutarudi kwa magazeti yako."

Akanunua sukari ratili nne, majani ya chai na halua. Niliandika: mtumizi wa kike ameonyesha uhuru wa mawazo.

Bimdogo alikuwa kibarazani pake. Aliposikia watoto wengi wanakuja kwa mpigo, aliinuka, akaacha ukili aliokuwa anausuka ukaanguka.

"Mwanangu Mejumaa! Mumekuja!"

Kabla hatujasema neno alikwisha mshika mtoto mdogo wa Bwana Mkuu, akamkumbatia, akaupapasa uso wake kwa vidole viwili, paji la uso, pua, kidevu. Alikuwa analia na kucheka. Mtoto naye, kwa kuwa alikuwa amechoka, akajilaza begani kwake.

"Afanana na babuye," akasema Bimdogo.

Bwana Mkuu akanitazama mimi. Mimi nikatazama daftari. Niliandika: mapokezi mazuri sana. Ni Jael aliyepiga magoti pale sakafuni.

"Mama, utuwie radhi. Sisi si wao. Mejumaa yuko Mombasa."

"Ana nini? Mgonjwa?"

"Ni mzima, mama. Hana nauli. Ametutuma... mume wangu apima kama nauli yahitajika."

Mkono wa bi kizee ulikuwa bado mgongoni mwa mtoto. Kisha akasema, "Mumekuja mbali. Watoto wana njaa," akaingia jikoni. Jael akamfuata, wala hakutoka humo mpaka chakula kiliposhuka.

Siku zilizofuata niliziangalia kutoka nyumba ya wageni iliyokuwa upande wa pili wa barabara, nilikokula nguru wa kupaka mchana na usiku kwa niaba ya idara. Siku ya pili Bwana Mkuu alisoma gazeti la jana aliloazima kwa jirani. Siku ya tatu mpunga wa Bimdogo ulikwisha, akaenda kukopa kwa jamaa zake, nao wakaja kuwatazama hao waliokopewa. Siku ya nne Bwana Mkuu, ambaye ana kiti cha kuzunguka afisini, alionekana akiteka maji kisimani kwa ndoo mbili, na wanawake waliokuwa pale wakamwambia kamba haivutwi hivyo. Alinikuta njiani.

"Abdulghafur," alisema kwa sauti ndogo, "unazo ngapi?"

"Tisini na moja, Bwana Mkuu. Lakini ulinikataza wewe mwenyewe, kifungu cha tisa."

"Nakifuta kifungu cha tisa."

"Kufuta kunataka kikao, Bwana Mkuu. Wajumbe watano."

Akaziinua ndoo zake, akaenda. Nilimsikitikia, nikaliandika hilo pia.

Siku ya sita aliiuza saa yake ya mkono kwa shilingi ishirini na tano ili wapate kurudi. Siku ya kuondoka Bimdogo aliwafungia watoto mikate ya mofa katika kitambaa. Jael alimshika mikono kwa muda mrefu. Sikusikia aliloahidi, nilikuwa nahesabu risiti zangu.

Bwana Wekesa aliwasili tarehe kumi na tano. Mafundi wote walikusanywa boharini, wakakalia mapipa. Bwana Mkuu akasoma ripoti kurasa kumi na mbili, na akamalizia hivi:

"Kwa ufupi, tulikwenda na thelathini na tano, tukakaa siku saba, na tulifurahi."

Tulipiga makofi. Mkaguzi, mtu mfupi, mpole, mwenye miwani mizito, akavunja utaratibu kwa kumgeukia Jael, aliyealikwa kwa ajili ya chai.

"Na mama, ulifurahi?"

Jael akasimama. "Mume wangu amesema kweli, bwana. Tulikwenda na thelathini na tano. Ziliisha siku ile ile, dukani. Vilivyotumika baada ya hapo ni vya mwanamke mjane asiyeona vizuri. Mpunga wake wa mwezi mzima. Nazi zake. Kuku walikuwa wanne, na tulipoondoka alikuwapo mmoja, naye akituona akimbia. Nimepiga hesabu pamoja naye jikoni. Nauli, chakula, zawadi ya mtu kuingilia nyumba ya mzazi, na kidogo cha watoto. Ni mia mbili na kumi. Chini ya hapo mtu hapumziki, yuwaomba."

Taib alikuwa ameinamisha kichwa. Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na mtoto, hakuinamisha.

Bwana Mkuu akacheka kicheko cha kikao. "Mke wangu, Bwana Mkaguzi, si mtaalamu."

"Naona," akasema Bwana Wekesa. Akaandika kitu. "Wewe ndiye mtaalamu."

"Bila shaka, bwana."

"Umeweza kupumzika siku saba kwa thelathini na tano, ukafurahi. Ni ustadi mkubwa. Sikupata kuuona Nairobi. Na hawa mafundi, wanao ustadi huo?"

Bwana Mkuu alisita. Akisema wanao, yeye si mtaalamu wa peke yake. "Hawana, bwana," akasema.

"Basi haitakuwa haki kuwapa kiasi cha wataalamu. Wao, kwa kuwa hawajui, walipwe hii mia mbili na kumi ya mama. Na wewe, kwa kuwa wajua, masurufu yako ya livu ya kila mwaka yatakuwa thelathini na tano. Nauli juu yako. Serikali haipaswi kumlipa mtu zaidi ya mahitaji yake aliyoyathibitisha kwa kurasa kumi na mbili."

Mafundi hawakushangilia. Walianza kuyagonga mapipa kwa visigino, polepole, mpaka bohari zima likawa linanguruma, na chai ikamwagika visahanini.

Uamuzi ulitiwa saini siku ile ile, na kwa mujibu wa kanuni za idara mtu wa kutia saini hundi za mafundi ni Mkuu. Alizitia zote arubaini na mbili. Taib na Mejumaa waliondoka tarehe ishirini, na gunia la mchele, na kitenge cha mama kutoka Biashara Street. Taib aliporudi nilimwuliza, kwa ajili ya kumbukumbu, kama walifurahi. Hapo ndipo nilipoisikia sauti yake.

"Mama mkwe alimpeleka mtoto dirishani," alisema, "penye mwanga. Akamtazama mpaka mtoto akachoka. Akasema, ana kovu kwenye nyusi, mbona hamkuniambia?"

Sikujua liandikwe katika fungu gani.

Agosti ya mwaka uliofuata, Bwana Mkuu alichukua livu yake kama kawaida na akatuaga afisini kwa hotuba, akisema anakwenda kupunga hewa mbali sana. Jael aliwachukua watoto akaenda nao Rabai kwa wazazi wake. Siku ya tatu nilitumwa Kizingo kupeleka barua ya haraka kwa jirani wa Bwana Mkuu. Nikapita nyumbani kwake. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa, mlango una kufuli kwa nje. Nilipokuwa nageuka nilisikia sufuria ikianguka ndani. Ubao wa dirisha ukafunguka kidogo, na jicho la Mkuu wa Idara ya Mapipa na Vifuniko likanitazama.

Nilimpigia saluti. Akaweka kidole mdomoni, akaufunga ubao taratibu.