Herufi za Kusugua na Kiganja cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Agosti

Tangazo mlangoni mwa maktaba. Jumamosi hii watachagua mfano mmoja mdogo wa chombo cha usafiri, kazi ya mikono ya mkazi yeyote, ukae mwaka mzima ndani ya kabati la vioo pale mlangoni. Mmoja tu. Nimelisoma mara tatu. Nafasi hiyo ni yangu.

Kichwa changu cha treni kiko tayari. Urefu, sentimita 43. Miezi minne ya kazi. Ribiti 212 kila ubavu, vile vichwa vidogo vya misumari ya bati, zote nimezibandika moja moja kwa kibano. Sikufundishwa na mtu. Nilianza kwa kubeba magunia, leo ni mkaguzi wa mizani, na aliyewahi kunishika mkono alikuwa ananiondoa njiani.

Yamebaki maandishi ya ubavuni. Hapo ndipo penye mfupa. Mkono wangu hutetemeka. Mwaka jana niliandika kwa brashi, mama mkwe akauliza hao siafu wamefikaje pale.

Shemeji, kaka wa mke wangu, analeta mfano wake wa basi. Kazi yake ni kuandika vibao vya maduka. Mama mkwe humwita: mwanangu mwenye mkono wa kazi. Mimi, miaka kumi na tisa sasa, huniita yule wa mizani. Ameshaanza kuuliza avae nini siku ya mwanawe kushinda.

Tutaona.

Jumanne, 4 Agosti

Dawa imepatikana! Herufi za kusugua. Karatasi laini, herufi zimejipanga upande wa chini. Unailaza juu ya kazi yako, unasugua kwa nyuma na kifuniko cha kalamu, unainua polepole. Herufi imebaki imenyooka kama askari. Haijali mkono unatetemeka au hautetemeki.

Muuza kalamu alikuwa na karatasi mbili, rafu ya juu kabisa, chini ya vumbi. Amekiri kwamba aliponunua duka alizikuta humo humo. Masalia ya wachora ramani.

Nimejaribu S juu ya kopo. Safi! Nikapiga kelele. Mke wangu akauliza kutoka jikoni kama nimejifungua.

Herufi ya pili ikapasuka. Ya tatu ikagoma. Gundi imekauka kwa uzee. Gundi iliyokauka inataka joto, na joto ninalo bure, nyuzi 37. Kesho nitakwenda kazini na karatasi moja ndani ya shati.

Jumatano, 5 Agosti

Joto linafanya kazi. Linafanya kazi kupita kiasi.

Nimekagua mizani kumi na nne, nimeinama kila mara. Kufika nyumbani karatasi ni tupu, tumbo limejaa. Mke wangu amenisoma kuanzia kifuani hadi kitovuni, akasema kwa kweli kikulacho ki nguoni mwako, kisha akaomba nigeuke aone kama hadithi inaendelea.

Sabuni haitoi. Selotepu inatoa, pamoja na nywele.

Alhamisi, 6 Agosti

Karatasi moja imebaki. Nimehesabu kabla ya kugusa chochote.

Maandishi ni SHIRIKA LA RELI, na chini yake MIZIGO NA ABIRIA. Herufi 27 kila ubavu. A tano, I saba. Kwa mbavu mbili, A kumi, I kumi na nne. Karatasi ina A sita na I tisa. E, kumi na mbili! Waliotengeneza karatasi hii hawakuwahi kusafirisha abiria wala mizigo.

Mtu mwingine angelia. Mimi nimechukua futi, nikaenda maktaba. Kabati limeegemea ukuta. Nafasi ya nyuma, sentimita sita. Nani ataingiza kichwa katika sentimita sita? Basi ubavu mmoja unatosha. Ukuta hausomi.

Safari hii nimepasha karatasi juu ya kifuniko cha birika, sekunde nane kila herufi. Zote 27 zimekaa. Nimetumia saa tatu na dakika ishirini. Nimekaa kuzitazama tu. Zimependeza. Sijui niseme nini zaidi; zimependeza.

Ijumaa, 7 Agosti

Shemeji amekuja, eti kusalimia. Amezunguka meza mikono nyuma kama mkaguzi, kazi ambayo ni yangu. Amesifu mstari. Akasema, shemeji, herufi hizo zimelala tu juu ya rangi, hazijashika. Zipulizie vanishi nyepesi, kwa mbali, mara mbili, la sivyo kidole kimoja kitazihamisha. Akanipa kopo lake mwenyewe.

Nimecheka moyoni. Vanishi ya mpinzani, siku moja kabla ya mashindano! Nimemshukuru, nimemsindikiza hadi langoni, kopo nimeliweka chini ya sinki.

Sikuzaliwa jana.

Jumamosi, 8 Agosti

Mifano mitano mezani. Basi la shemeji karibu na treni yangu. Nimepima kwa macho, R yake imelala nyuzi mbili.

Mkutubi, ambaye ndiye mwamuzi, alisimama mbele ya treni yangu dakika nne. Mbele ya basi, dakika mbili na nusu. Nilikuwa na saa.

Kisha mama mkwe akafika na jirani zake watatu. Akainama. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno. Akaniuliza kama kweli nimefanya mwenyewe. Nikasema mwenyewe. Akawageukia jirani zake akawaambia mwanangu huyu ana mkono.

Mwanangu. Miaka kumi na tisa.

Sikumzuia. Nilipaswa kumzuia. Lakini alikuwa ameshakinyanyua kichwa cha treni, kiganja kimekumbatia maandishi, akisema ngojeni muone na upande wa pili.

Upande wa pili ulikuwa mtupu kama ukuta ambao ungeutazama.

Akakirudisha mezani haraka. Ubavuni pamesomeka SHIRIKA LA RELI, MIZIGO NA. Neno la mwisho lilikuwa kiganjani mwake, kinyumenyume. Shemeji akatazama kiganja, akatazama treni, akasema pole, shemeji, abiria wako wameshuka. Jirani walicheka hadi mkutubi akawakumbusha kuwa pale ni maktaba.

Basi limeshinda.

Mama mkwe amemuuliza mke wangu, mbele yangu, yule wa mizani atamsafisha kiganja saa ngapi.

Jumatatu, 10 Agosti

Nimechunguza kwa utulivu. Chanzo ni mafuta ya mkono ya mama mkwe. Kazi yenyewe haikuwa na kasoro.

Shemeji amejitolea kuniandikia mbavu zote mbili kwa brashi. Nimekataa kwa heshima. Kopo lake nimemrudishia likiwa zima.

Mchana mkutubi amenipigia simu. Watu wanashikashika kioo cha kabati kutwa nzima; je, naweza kutengeneza kibao kidogo cha kubandika nje ya kioo, kwa herufi zile zile nzuri? Zile nzuri, alisema hivyo. Basi la shemeji litakaa mwaka mzima nyuma ya maandishi yangu!

USIGUSE. Herufi saba, hata A moja haimo. Nimesugua kwa dakika arobaini. Zimenyooka.

Vanishi sikuweka. Kibao chenyewe kinasema kisiguswe, nani atakigusa?